SOMO LA VIKUNDI: Picha za Michezo ya Shule Zitoke Safi



Somo la toleo hili ni la vikundi vilivyoanza kazi ya kupiga picha, au vinavyofikiria kuianza. Vikundi vingi vya vijana siku hizi vina kamera. Vingine vilinunua ya mtumba kwa pesa za marigo-raundi, vingine vinatumia simu nzuri ya mwanachama mmoja. Kazi zao za kawaida ni harusi, ubatizo, mazishi na harambee. Lakini iko kazi nyingine iliyo karibu na kila kijiji, nayo hurudi kila mwaka: michezo ya shule za sekondari. Mashindano huanza shule jirani kwa shule jirani, kisha washindi hupanda mpaka kaunti, kanda na taifa. Mzazi anataka picha ya binti yake akipiga voliboli. Mwalimu mkuu anataka picha ya kubandika ofisini. Mwanafunzi wa kidato cha nne anajua huenda hii ndiyo mara yake ya mwisho kuvaa jezi ya shule.

Shida ni hii: kikundi kinapiga picha mia mbili, na zikitazamwa vizuri nyingi zina ukungu. Uso haueleweki, mguu umekuwa kama moshi, jezi haisomeki. Harusini, picha ikiharibika unaweza kuwaomba maharusi wasimame tena. Uwanjani, goli likishaingia halirudiwi. Yule mtoto aliyefunga hatafunga tena vile vile ili wewe upate picha.

Watu wengi wakiona ukungu husema, "Kamera hii ni mbaya, tutafute nyingine." Wanaanza kuchanga tena. Kumbe mara nyingi kamera haina kosa. Ukungu una sababu zake, na kila sababu ina dawa yake. Ukijua sababu, dawa nyingi hazina gharama yoyote.

HESABU YA PICHA ILIYOHARIBIKA

Kabla ya kuingia katika ufundi, hebu tuangalie mfuko. Tuseme studio inatoza shilingi 30 kuosha picha moja, na kikundi kinaiuza shilingi 50. Mmeosha picha 40. Mmelipa shilingi 1,200. Zikinunuliwa zote mnapata shilingi 2,000, faida ni shilingi 800.

Sasa tuseme 15 kati ya hizo zina ukungu na wazazi wamezikataa. Zilizouzwa ni 25, mmepata shilingi 1,250. Faida ni shilingi 50 tu, na hapo hamjalipa nauli ya kwenda studio na kurudi. Mmefanya kazi kutwa nzima juani bure.

Na kuna hasara isiyoandikwa katika daftari la mweka hazina. Mzazi aliyekataa picha leo, mwaka ujao hatawaita.

KWANZA, ISOME PICHA

Katika somo hili tukisema picha "safi" tunamaanisha picha ambayo uso wa mchezaji uko wazi: macho yanaonekana, nambari ya jezi inasomeka. Tukisema "ukungu" tunamaanisha kinyume chake.

Daktari mzuri hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Nanyi msibadilishe kitu kwenye kamera kabla ya kuisoma picha iliyoharibika. Ikuzeni kwenye skrini, kisha mtazame vitu vitatu: mchezaji mwenyewe, nyasi zilizo mbele yake, na watu au miti iliyo nyuma yake. Mtaona moja kati ya dalili hizi:

1. Kila kitu kimetikisika, hata milingoti ya goli na miti. Mkono wa mpiga picha ulitikisika.

2. Milingoti na miti iko safi, lakini mchezaji amekuwa kama moshi. Mchezaji alikuwa na mwendo kuliko kasi ya kamera.

3. Mchezaji ana ukungu, lakini nyasi za mbele ziko safi, au mashabiki wa nyuma wako safi. Kamera ililenga mahali pasipofaa.

4. Picha yote imekuwa nyeupe-nyeupe kama iliyopigwa kupitia maziwa. Kioo cha lenzi ni kichafu.

Hizo ndizo sababu nne kubwa. Tutazichukua moja moja.

MKONO UNAOTIKISIKA

Ndani ya kamera mna kilango kidogo kiitwacho shata. Hufunguka, huingiza mwanga, hufunga. Muda huo ni mfupi sana, huandikwa kama 1/60 au 1/500, yaani sehemu moja ya sitini ya sekunde, au sehemu moja ya mia tano. Ukitikisika shata ikiwa wazi, picha nzima inatikisika.

Lenzi ndefu, ile inayovuta vitu vya mbali, hukuza pia mtikisiko wa mkono. Mafundi wana kipimo chepesi cha kukumbuka: kasi ya shata isiwe chini ya urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 200, shata isipungue 1/200. Kwa kamera nyingi ndogo za kawaida, afadhali 1/300 au zaidi.

Tena, jifunzeni kusimama. Piga goti moja chini. Bana viwiko vyote viwili kwenye mbavu. Mkono wa kushoto ushike lenzi kwa chini kama unavyopakata mtoto, usiishike kwa juu. Vuta pumzi, itoe nusu, kisha bonyeza polepole. Usidunge kitufe kama mtu anayepiga hodi.

Si lazima mnunue mguu wa kamera dukani. Fimbo imara inayofika kidevuni, yenye kipande cha tyubu ya baiskeli kichwani ili lenzi isiteleze, inasaidia sana. Mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa maharagwe nao ni mzuri. Unauweka juu ya benchi au ukuta mfupi, lenzi inalala juu yake.

MCHEZAJI ANA MBIO KULIKO SHATA

Hapa ndipo picha nyingi za michezo hufia. Hebu tufanye hesabu kidogo.

Mwanafunzi anayekimbia mita 100 kwa sekunde 12 na nusu anakwenda mita 8 kila sekunde. Akipita mbele yako kutoka upande hadi upande:

- Shata ikiwa 1/60, anasogea sentimita 13 wakati kilango kiko wazi. Hapo uso wote umepotea.
- Shata ikiwa 1/250, anasogea sentimita 3 na kidogo. Bado kuna ukungu.
- Shata ikiwa 1/500, anasogea sentimita 1 na nusu hivi. Picha inaanza kuwa safi.
- Shata ikiwa 1/1000, anasogea chini ya sentimita 1. Hapo uso umesimama.

Na huo ni mwili tu. Mguu unaopiga mpira na mkono unaosmashi vina kasi kubwa zaidi. Kwa hiyo kanuni ya kikundi iwe hii: kwa michezo, 1/500 ni kima cha chini, na 1/1000 ndiyo ya kutafuta.

Utaiwekaje? Kwenye gurudumu la juu la kamera, tafuta herufi S au Tv. Canon hutumia Tv, Nikon hutumia S. Hapo wewe unachagua kasi ya shata, kamera inapanga mengine. Anayeanza kabisa na aanze na alama ya mtu anayekimbia, iliyo kwenye kamera nyingi ndogo. Si kamili kama kujipangia, lakini ni bora kuliko kuachia kamera ikisie.

Sasa kuna jambo la mwanga. Shata ikienda mbio, mwanga unaoingia ni kidogo. Ili picha isiwe giza, unaongeza ISO, yaani kamera inaongezewa wepesi wa kupokea mwanga. Vipimo vya kuanzia, lenzi ikiwa kwenye f/5.6, ni hivi:

- Jua kali, kama saa nne asubuhi kule Kilifi au Kitui: ISO 200 hadi 400 inatosha kwa 1/1000.
- Mawingu, kama baridi ya Juni na Julai kule Nyeri, Limuru na Nyandarua: ISO 800 hadi 1600.
- Jioni ya saa kumi na moja na nusu, au anga la Kakamega linapofunga mvua ya alasiri: ISO 1600 hadi 3200, na huenda ukateremka hadi 1/500.

ISO ikipanda, picha hupata chembechembe kama mchanga. Msiogope. Mzazi atanunua picha yenye chembechembe ambayo uso wa mtoto wake unaonekana. Ile laini isiyo na uso hataigusa.

Na hapa tuonyane: lenzi nyingi zina swichi ya kuzuia mtikisiko. Wauzaji huisifu sana. Inasaidia mkono wako tu. Haimsimamishi mchezaji. Usije ukashusha shata hadi 1/100 ukisema swichi itafanya kazi. Haitafanya.

KAMERA ILILENGA MAHALI PENGINE

Fokasi ni ile kazi ya lenzi kuchagua ni umbali gani utokee safi. Mchezaji akiwa mita 10 kutoka kwako, na lenzi ya milimita 200 ikiwa kwenye f/5.6, sehemu inayotokea safi ni kama nusu mita hivi kutoka mbele hadi nyuma. Ni kitu kidogo kama upana wa dawati. Yule mkimbiaji wetu wa mita 8 kwa sekunde huivuka nusu mita hiyo kabla hujafumba na kufumbua macho. Ndiyo sababu ukilenga mara moja halafu ukangoja, yeye ameshaondoka hapo, na kilichobaki safi ni nyasi.

Dawa ziko tatu.

Ya kwanza: tumia fokasi inayofuata. Kwenye Canon inaitwa AI Servo, kwenye Nikon na Sony inaitwa AF-C. Ukibonyeza kitufe nusu, kamera humfuata mchezaji anaposogea. Usiachilie. Mfuate na kamera kwa sekunde moja au mbili kabla ya kupiga, kama mtu anayemlenga ndege arukaye. Anayeinua kamera na kupiga papo hapo anaipa lenzi kazi isiyowezekana.

Ya pili: chagua nukta moja ya katikati. Kamera ikiachiwa kuchagua yenyewe kati ya nukta nyingi, mara nyingi hushika kilicho karibu zaidi, kama wavu wa voliboli, bendera ya kona, au kichwa cha shabiki. Nukta ya katikati iweke kifuani mwa mchezaji. Kifua ni kikubwa, jezi ina rangi na nambari ambazo kamera hushika kwa urahisi, na uso uko karibu kabisa na umbali ule ule.

Ya tatu ndiyo tunayoipenda kwa vikundi vyenye kamera kuukuu au simu: tega mtego. Katika michezo mingi unajua mapema mchezaji atakuwa wapi. Katika kuruka juu, lazima avuke ile fito. Katika mbio, lazima afike mstari wa mwisho. Katika kuruka mbali, lazima akanyage ubao. Katika netiboli, mpira unaelekea ringi. Katika voliboli, smashi hupigwa juu ya wavu, ambao uko mita 2.43 kwa wavulana na mita 2.24 kwa wasichana. Basi lenga mahali hapo kabla mchezaji hajafika, funga fokasi isibadilike, ungoje. Akiingia mtegoni, piga. Hapo kamera haihitaji kumkimbiza mtu yeyote.

Mtego una faida nyingine. Mtu anayeruka, akifika juu kabisa, husimama hewani kwa kitambo kidogo kabla ya kuanza kushuka. Hapo kileleni mwili wake hausogei sana. Ukipiga kileleni, hata shata ya 1/500 inatosha. Kwa hiyo msibonyeze anapoanza kuruka, wala anapotua. Ngojeni kilele.

LENZI CHAFU, VUMBI NA JOTO

Viwanja vyetu ni vya vumbi. Lenzi ya simu inayokaa mfukoni na sarafu na jasho huchafuka kila saa. Puliza vumbi kwanza, kisha futa taratibu kwa kitambaa safi laini cha pamba. Usianze kwa kufuta, maana vumbi lina mchanga, na mchanga hukwaruza kioo. Usitumie mate wala pindo la shati lenye jasho. Usibadilishe lenzi katikati ya uwanja wenye upepo.

Kuna ukungu mwingine ambao wengi hawaujui. Saa sita hadi saa tisa mchana, ardhi ikiwa imechemka, hewa iliyo juu yake hucheza kama moshi juu ya jiko. Mnaiona barabarani lami ikionekana kama ina maji. Ukimpiga picha mchezaji aliye mita 80 kupitia hewa hiyo, hatatoka safi hata kwa kamera ya bei kubwa. Dawa ni kusogea karibu, au kupiga picha muhimu asubuhi na jioni.

SIMAMA WAPI?

Mpiga picha anayekaa katikati ya mashabiki hupata migongo. Anayezunguka uwanja mzima akiufuata mpira huchoka na hapati kitu. Katika mpira wa miguu, kaa nyuma ya mstari wa goli, hatua chache pembeni mwa milingoti. Washambuliaji wanakuja wakikutazama. Mchezaji anayekuja kuelekea kwako hukimbia kwa kasi ile ile, lakini picha yake haivuki haraka kama ya anayekatiza mbele yako, kwa hiyo ni rahisi shata kumsimamisha. Kazi iliyobaki ni ya fokasi inayofuata.

Jua liwe nyuma yako au ubavuni. Piga goti ili nyuso zisifichwe na kivuli cha jua la utosini. Ukilazimika kupiga kupitia wavu wa goli, sogeza lenzi karibu kabisa na wavu na umlenge mchezaji aliye mbali. Nyuzi zitayeyuka zisionekane.

Ombeni ruhusa ya mwalimu wa michezo na refa kabla ya mchezo kuanza. Kaeni mita mbili au tatu nje ya mstari. Msitumie fleshi mbele ya kipa. Na msisimame kamwe upande unaorushiwa mkuki au tufe, hata kama mmeambiwa bado.

TAZAMENI KABLA YA KUOSHA

Skrini ya kamera ni ndogo na inadanganya. Kila picha huonekana nzuri ikiwa ndogo. Wakati wa mapumziko, kuzeni picha mpaka muone macho ya mchezaji. Macho yakiwa safi, iwekeni. Macho yakiwa na ukungu, msiioshe, hata kama goli lenyewe lilikuwa tamu namna gani. Zamani za filamu ya picha 36 mtu hakuweza kujua mpaka studio. Leo mnaweza kujua papo hapo, na mkagundua ugonjwa ukiwa bado una tiba, mchezo haujaisha.

Msihofu kukata picha ili mchezaji aonekane mkubwa. Picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 huhitaji megapikseli 2 na kidogo tu. Kamera ya megapikseli 24 ukiikata nusu ya upana na nusu ya urefu, bado zinabaki 6.

Jambo moja la mwisho hapa: picha safi inaweza kuharibika njiani. Ukiituma studio kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hupunguzwa na kupoteza usafi wake. Itume kama dokumenti, au mpeleke kadi yenyewe.

RUHUSA NA HESHIMA YA MTOTO

Wengi wa wachezaji hawa hawajafika miaka 18. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ya uso wake ni taarifa zake. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini hiyo. Kikundi chenu hakiwezi kubeba mzigo kama huo.

Basi andikeni barua kwa mwalimu mkuu mapema, mkitaja mtapiga picha gani na mtamwuzia nani, na mkiomba shule isaidie kupata idhini ya wazazi. Picha ziuzwe kwa familia na shule. Msiziweke mtandaoni kutafuta sifa.

Zaidi ya sheria kuna heshima. Shata ya 1/1000 hushika kila kitu, pamoja na mambo ambayo mtoto hangependa yaonekane: nguo imepanda, mtu ameanguka vibaya, analia. Kabla ya kuosha, jiulizeni: huyu angekuwa binti yetu, tungeibandika ukutani? Kama jibu ni hapana, ifuteni.

MASWALI AMBAYO HUULIZWA

Swali: Sisi tuna simu tu. Tunaweza kufanya kazi hii?
Jibu: Ndiyo, lakini chagueni michezo ya kusogelea: voliboli, netiboli, kuruka juu, mstari wa mwisho wa mbio. Tegeni mtego. Gusa skrini mahali pa mtego na ushikilie kidole, simu nyingi hufunga fokasi hapo. Msivute kwa vidole. Sogeeni kwa miguu. Mpira wa miguu wa uwanja mkubwa muuache kwa wenye lenzi ndefu.

Swali: Tukipiga picha nyingi mfululizo, si moja itatoka safi?
Jibu: Kupiga mfululizo kunasaidia kupata kilele. Lakini ikiwa shata ni 1/60, au fokasi iko kwenye nyasi, mtapata picha kumi zenye ugonjwa mmoja.

Swali: Ni lini sasa tununue lenzi bora?
Jibu: Mkishasoma picha zenu na kuona kwamba shata ilikuwa sawa, mkono ulitulia, fokasi ilikuwa sahihi, na bado hamfikii mchezaji au mwanga wa jioni hautoshi. Kabla ya hapo, mtanunua lenzi mpya na ukungu ule ule utawafuata.

ZOEZI LA KIKUNDI

Mkutane kwenye kiwanja siku isiyo ya mashindano. Mwanachama mmoja akimbie mita 30, mara tatu akikatiza mbele ya kamera, na mara tatu akija kuelekea kwenye kamera. Kila mpiga picha apige kwa 1/60, kisha 1/250, kisha 1/1000. Katibu aandike. Halafu kaeni kivulini, mkuze kila picha, na mtaje ugonjwa wake kwa zile dalili nne. Kila mtu atagundua udhaifu wake. Huyu ana mkono unaotikisika, yule hulenga na kusahau. Mrudie baada ya wiki mbili na mlinganishe idadi ya picha safi.

KWA KUJADILIANA

1. Katika kazi yetu ya mwisho, ni picha ngapi zilikataliwa? Tulipoteza shilingi ngapi?
2. Kati ya magonjwa manne, ni upi unaotusumbua zaidi?
3. Katika uwanja wa shule iliyo karibu nasi, jua liko wapi asubuhi na jioni? Tusimame wapi?
4. Nani ataandika barua kwa mwalimu mkuu, na lini?
5. Tumewahi kununua kitu kipya kabla ya kujua ugonjwa ulikuwa nini? Si katika picha tu, hata shambani na katika ufugaji.

Picha ya mchezo ni kumbukumbu ya siku ambayo mtoto alikuwa na nguvu zake zote. Atakayeitazama miaka 20 ijayo hatauliza mlitumia kamera gani. Atatafuta uso. Fanyeni kazi ili auone.